Shada Lisilo na Waya

Alhamisi, tarehe 26 Agosti 2021. Asubuhi hiyo St Marys, pembezoni mwa Sydney, iliamka na baridi kavu. Jua lilikuwapo lakini halikuwa na kazi, na kioo cha gari langu kilikuwa kimeganda hadi nikakikwangua kwa kadi ya maktaba. Maktaba yenyewe ilikuwa imefungwa, kwa hiyo kadi haikuwa na shughuli nyingine.

Wiki hii nakiri kosa ambalo mpaka leo nalipigia magoti. Niliweka sahihi yangu ili mtu achomwe moto, na sikujua nimesaini nini.

Kwa aliyekosa wiki zilizopita: mimi ni Kasoki, mzaliwa wa Butembo, Kongo, umri miaka hamsini na miwili. Kazi ya kufua shuka za hoteli iliniishia hoteli zilipofungwa. Nikaangusha keki ya harusi yenye wageni watano tu, na wote watano waliona. Ndipo nikajiandikisha masomo ya jioni ya kupanga maua, nikiamini kwamba maua, hata yakianguka, hayapigi kelele.

Msomaji mmoja wa Wollongong ameniandikia akiuliza kama kweli huwa naomba kabla ya kufanya mambo yangu. Naomba. Shida yangu ni kwamba huanza kufanya kabla sijafika kwenye amina.

Sasa kisa.

Papa Bahizire alifariki wiki moja kabla ya siku hiyo, kwa ugonjwa wa moyo. Si korona. Nalisema mapema kwa sababu mjane wake aliulizwa swali hilo na kila aliyepiga simu, kabla hata ya kupewa pole.

Bahizire alikuwa mtu wa Kabare, juu ya Bukavu. Hapa Sydney alifanya kazi ya kupakia mizigo kwa miaka kumi na mmoja, na hakuna aliyemsikia akilalamika, ila kuhusu mikate. Mjane wake, Mama Lydie, ni rafiki yangu wa kanisani. Siku tatu kila wiki huenda hospitali ya Westmead, mashine imsafishie damu.

Jumamosi alinipigia simu ya video.

"Kasoki, uko na miwani?"

"Ninayo."

"Kuna fomu ya watu wa mazishi. Inataka mutu mwingine asaini pembeni yangu, awe shahidi. Wewe umesoma."

Wasomaji, maneno hayo mawili. Wewe umesoma. Nilikuwa nimeyasubiri tangu nikiwa msichana.

Fomu ilikuja kwenye simu yangu, kurasa kumi na mbili. Mstari wa kwanza ulikuwa jina la marehemu, nikaelewa. Wa pili ulikuwa anwani, nikaelewa. Kuanzia wa tatu maneno yakawa marefu, nikaanza kuyapita kama mtu anavyopita wageni kwenye baraza, kwa heshima na bila kusimama.

Kisha nikaona jina la mahali. Napajua. Kanisa letu limezika watu wanne pale, mbele, upande wa miti. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuzunguka kuona nyuma kuna nini.

"Ni pale pale petu," nikamwambia.

"Kwa hiyo unasaini?"

"Nasaini."

Nikasaini kwa kidole juu ya kioo cha simu. Ilitoka sahihi nzuri, yenye mkia. Halafu nikamshukuru Mungu kwa zawadi ya Kiingereza.

"Na maua utanifanyia wewe," Lydie akasema. "Maua mabichi. Plastiki sitaki."

Hapo ilibidi nishangae, na sikushangaa. Kwetu shada la mazishi ni la plastiki. Linatakiwa likae juu ya kaburi, lipigwe na mvua, lionekane bado lipo mwaka ukizunguka. Ukileta maua mabichi, watu husema umempenda marehemu kwa siku tatu. Mimi nilidhani Lydie ameheshimu taaluma yangu mpya. Nilivimba moyo.

Taaluma yenyewe ilikuwa changa. Mwalimu alitufundisha kwa kompyuta kwa sababu ya lokdauni, na maua ya mazoezi hatukuweza kwenda kuyanunua. Shada langu la kwanza nililipanga kwa mchicha na vitunguu vya majani. Mwalimu alisema lina uwiano mzuri. Tulilila siku hiyo hiyo.

Jumatatu nikapata maagizo kutoka kwa wenye mahali. Shada lisiwe na waya. Lisiwe na sponji ya kuchomekea maua. Lisiwe na plastiki wala utepe wa nailoni. Nikafikiri ni mambo ya kutunza mazingira. Nchi hii inapenda sana mazingira.

Basi nikalifunga lote kwa kamba ya katani. Waridi nyeupe, mayungiyungi, na matawi ya mkalitusi niliyoyakata kwenye uzio wa kanisa baada ya kuomba ruhusa kwa mchungaji, na kwa Mungu pia, maana uzio ni wa Wote Wawili. Kila fundo nilifunga na mstari mmoja wa zaburi. Lilikuwa na mafundo arobaini. Nilichoka kiroho.

Alhamisi nikafika mapema. Sheria wakati ule ilikuwa waombolezaji kumi tu, lakini mpambaji hahesabiwi kuwa na huzuni, kwa hiyo niliingia kama mfanyakazi.

Aliyenipokea alikuwa mhudumu wa kikanisa cha pale makaburini, Mkenya aitwaye Owuor. Suti nyeusi, barakoa nyeusi, viatu vinavyong'aa.

"Karibu, mama. Hiyo iko na waya?"

"Haina."

"Sponji?"

"Haina."

"Uko sawa kuliko wengi. Weka hapo juu."

Jeneza lilikuwa limeshafika. Nikaliweka shada juu yake, nikanyoosha yungiyungi moja lililokuwa limeinama, na kwa dakika kama mbili nilikuwa mwanamke mwenye kazi anayoiweza. Nazikumbuka vizuri dakika hizo kwa sababu zilikuwa mbili.

Kisha akaingia Kalume, mdogo wa marehemu. Amevaa suti, na chini ya suti amevaa buti za mpira, za makaburini. Amebeba shada la plastiki ukubwa wa gurudumu la lori, rangi ya zambarau, lenye utepe wa herufi za dhahabu kutoka kwa umoja wa wanaume wa kanisa.

"Mama Kasoki, hii weka juu kabisa. Hiyo yako weka pembeni. Itanyauka kabla mchungaji aseme amina."

"Mzee, hiyo haiingii," Owuor akasema.

"Haiingii wapi?"

"Ndani."

"Basi nitaibeba mwenyewe mpaka kwenye kaburi. Shimo iko wapi? Nimezunguka kila pahali, mbele na nyuma. Shimo sioni."

Owuor akanitazama. Mimi nikatazama waridi.

"Hebu nizunguke tena," Kalume akasema, akatoka na shada lake, buti zikilia kwenye sakafu.

Owuor akanisogelea, akaacha ile mita moja na nusu ya sheria.

"Mama, huyu mzee anatafuta shimo gani?"

"Kaburi la kaka yake."

"Kaka yake nani?"

Nikaonyesha jeneza.

Owuor akafungua faili yake, akafunua, akafunua tena.

"Huyu si wa shimo, mama. Huyu ni wa moto. Ibada ikiisha nabonyeza hapa, pazia inajifunga, halafu anaingia tanuri. Kwani unafikiria tunakataa waya na plastiki kwa nini?"

"Mazingira," nikasema.

Akafunua ukurasa mmoja zaidi, kwa upole.

"Na hii sahihi ya shahidi ni ya nani? Hii iko na mkia."

Wasomaji wa imani nyingine na makabila mengine mtanivumilia. Sisi tunamrudisha mtu kwenye udongo, na kila aliyempenda anatupa konzi yake. Usipotupa udongo, msiba haujaisha, unabaki umesimama mlangoni kwako. Na mimi nilikuwa nimemtoa mume wa rafiki yangu kwenye udongo nikamtia motoni, kwa kidole changu, kwa sababu niliona aibu kusema sijui kusoma ukurasa wa saba.

"Inaweza kusimamishwa?"

"Mwenye fomu akisema, inasimama. Yule mama. Lakini kabla pazia haijafungwa. Pazia ikifungwa, hayo ni makaratasi ingine."

Nikageuka kumtafuta Lydie. Alikuwa ameshaketi mbele kabisa, viti vimetengana, na Mchungaji Bizimana alikuwa ameshafungua kinywa.

Mchungaji Bizimana ni Mrundi. Alijifunza kuhubiri katika kambi ya wakimbizi Tanzania, mahali ambapo hakuna aliyekuwa na pengine pa kwenda. Siku hiyo alikuwa amepewa dakika ishirini, na kamera ya ukutani ilikuwa inarusha ibada hadi Bukavu na Kabare kwa watu zaidi ya mia tatu. Akaanza na Adamu.

Nikasimama nyuma karibu na mlango, nikampungia Lydie mkono. Alipogeuka na kuniona akafikiri nalia. Akaweka mkono kifuani kunipa pole. Mjane alinipa pole mimi.

Nikamwambia Mungu: Baba, kama kuna njia ya jambo hili kwenda vizuri bila mimi kusema, nionyeshe. Nikasubiri. Mchungaji alitoka kwa Adamu akafika kwa Ibrahimu, kisha akatazama saa, akaruka moja kwa moja hadi Ufunuo.

"Tusimame," akasema.

Watu wakasimama. Kalume, aliyekuwa ameacha shada lake mlangoni na kurudi bila kuona shimo, akavua kofia. Mkono wa Owuor ukaenda kwenye kitufe, naye akanitazama.

"Subirini," nikasema.

Kwa sababu ya barakoa hakuna aliyejua nani amesema. Waombolezaji kumi walitazamana wao kwa wao. Ilinibidi ninyooshe mkono kama darasani.

"Ni mimi. Kasoki. Papa Bahizire hapelekwi kaburini. Anachomwa. Fomu inasema hivyo, na mimi niliisaini bila kuisoma. Nilisoma jina na anwani tu. Mama Lydie, nisamehe. Sema neno moja, hawa watasimamisha."

Nilikuwa nimelisema. Nilijihisi mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo. Nilidhani hayo ndiyo malipo ya ukweli.

"Anachomwa nini?" Kalume akauliza.

Lydie hakulia. Aligeuka polepole, akanitazama kama unavyotazama sufuria iliyofurika.

"Kasoki," akasema. "Nani alikuuliza?"

"Mama Lydie, ile fomu..."

"Fomu niliisoma. Binti yangu alinisomea mara mbili. Bahizire mwenyewe ndiye aliniomba, tangu mwezi wa tatu."

"Basi kwa nini ulitaka nisome?"

"Sikukuambia usome. Nilikuambia usaini. Nilikuchagua wewe kwa sababu nilijua hutauliza."

Nimewahi kufukuzwa kazi kwa barua. Nimewahi kuachwa kwa ujumbe wa simu. Hili lilisemwa kwa sauti ya kawaida, mbele ya kamera.

Kalume alikuwa bado ameshika kofia.

"Ulitaka kumuchoma ndugu yangu kwa siri?"

"Nilitaka kumupeleka nyumbani," Lydie akasema. "Aliomba alale Kabare, pembeni ya mama yake. Nilipiga simu kila pahali. Sanduku haliendi, ndege hazipo, mipaka imefungwa, wanasema tungoje, na hawasemi tungoje mpaka lini. Yeye mwenyewe akasema, Lydie, majivu yanaingia kwenye mkoba. Nilijua ukisikia utakataa. Ningekuambia yakiisha."

"Na Kabare ungesema nini? Mama yetu alizaa mutu. Utamurudishia unga?"

"Nitamurudishia mutoto wake."

"Na siku ya ufufuo ataamuka na nini? Papa Pasteur, sema."

Mchungaji Bizimana akarekebisha barakoa yake, upande mmoja, kisha upande wa pili.

"Jambo hilo nalisoma," akasema. "Nitawapa jibu Jumapili."

"Jumapili atakuwa ameisha."

Owuor akakohoa kwa adabu, kikohozi kidogo sana, maana siku zile kukohoa lilikuwa jambo kubwa.

"Wazee wangu, poleni sana. Familia ingine iko nje. Ziko dakika sita."

Kalume akatembea hadi kwenye jeneza. Akasogeza shada langu kwa mkono mmoja, si kwa hasira, akaweka kiganja juu ya mbao.

"Sawa. Yeye aliomba. Mimi sibishani na marehemu," akasema. "Lakini ndugu yangu hatoki hapa mpaka nisikie kwa haya masikio nani atamubeba. Wewe, Lydie? Mashine ya Westmead utaibeba kwenye mkoba mwingine? Wiki moja bila ile mashine, uko wapi?"

Lydie akatazama chini.

"Nilikuwa nimepanga kwenda hivyo hivyo," akasema.

Binti yake, aliyekuwa kiti cha pili, akasema kwa Kiingereza, taratibu, "Mum, no."

"Hapana," Kalume akasema pia, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Hapana, shemeji. Maiti moja inatosha."

"Basi mubebe wewe."

"Mimi? Hati yangu ya kusafiria imeandikwa nchi zote isipokuwa Kongo. Ingekuwa si hivyo, ningekuwa nimezika baba. Ni nani hapa hati yake haikuandikwa hivyo? Anyooshe mukono."

Hakuna mkono ulionyooka. Lydie na binti yake walikuwa na uraia, lakini Lydie alikuwa na mashine, na binti mimba ya miezi minane. Wengine sote tuliingia nchi hii kwa mlango mmoja, ule wa wakimbizi.

Yangu iko kwenye droo, chini ya Biblia. Ukurasa wa nne. Mstari huo naweza kuusoma, hauna maneno marefu.

"Basi azikwe hapa," Kalume akasema. Akamgeukia Owuor. "Simamisha."

Owuor hakumtazama yeye. Alimtazama Lydie, mwenye fomu.

Lydie akainua uso. Niliona midomo yake ikisogea nyuma ya barakoa, nikajua anakwenda kusema neno lile nililomwomba aseme. Miezi mitano amebeba ombi la mumewe peke yake, hakumwambia mtu nje ya nyumba yake, na alikuwa amelifikisha hadi mbele ya pazia. Ningenyamaza dakika moja zaidi lingepita.

Nikaanza kuomba. Kama kawaida yangu, sikufika kwenye amina.

"Mimi nitambeba," nikasema.

"Wewe?" Kalume akauliza.

"Mimi."

"Kumbe uko na pasipoti?"

Nilikuwa natazama mikono ya Lydie, iliyokuwa imeachia ukingo wa kiti.

Kalume akanitazama kwa muda mrefu kuliko dakika tulizokuwa nazo. Kisha akanyoosha kidole kwenye kamera ndogo ukutani.

"Usiniambie mimi. Ambia Kabare. Shangazi yetu yuko pale, ana miaka tisini, wamemukalisha kwenye kiti mbele ya simu. Toa barakoa akuone uso. Sema jina lako, na sema lini."

Owuor akatikisa kichwa kuonyesha kwamba barakoa haitolewi. Halafu akageuka akatazama ukuta.

Nikaivua. Nikasogea mbele hadi taa nyekundu ya kamera ikawa usawa wa macho yangu. Nyuma yangu nilisikia viti vikisukumwa; watu walikuwa wanasogea karibu, mchungaji pamoja nao.

"Mimi ni Kasoki, binti wa Paluku, wa Butembo," nikasema. "Shangazi, naahidi mbele ya Mungu, mbele ya mjane huyu, na mbele ya nyote mnaonitazama. Bahizire nitamleta Kabare kwa mikono yangu mwenyewe, nimlaze pembeni ya mama yake, kabla mwaka huu wa msiba haujatimia. Nikishindwa kumleta, siku yangu ikifika, mtu yeyote asinitupie udongo."